Kiatu cha Baniani Mlangoni pa Dwarka

Sidhani kuna mwanafunzi wa Kiswahili nchini ambaye hajakutana na methali isemayo: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Huandikwa ubaoni, hutungiwa insha, na mtahini huridhika mtahiniwa akieleza kwamba mtu tunayemdharau huenda akatufaa siku moja. Katika miaka yangu yote ya kusoma na kusomesha, simkumbuki mwalimu aliyenieleza Baniani huyu ni nani hasa, na kiatu chake alikuwa akikivulia wapi. Kosa hilo nami nimewatenda wanafunzi wangu. Jibu la swali la pili nililipata Desemba mmoja, nikiwa nimesimama miguu mitupu juu ya jiwe baridi katika mji wa Dwarka, pwani ya Gujarat, nchini India. Mbele yangu palikuwa na lundo la viatu ambalo hata soko la Gikomba lingelionea wivu.

Lakini safari ile haikuanzia uwanja wa ndege. Ilianzia Kaloleni.

Nilizaliwa na kulelewa katika mtaa huo wa Eastlands, mkabala na ukumbi ambamo tarehe 23 Aprili 1950 Makhan Singh, Singasinga aliyekuja Nairobi kutoka Punjab akiwa kijana, alisimama hadharani na kudai uhuru wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Sisi watoto tulicheza kandanda nje ya ukumbi huo bila ya kuambiwa habari hiyo na yeyote. Wahindi tuliowajua walikuwa wa namna mbili: wa dukani na wa karakanani. Marehemu Makhan Singh hakuwa na nafasi katika orodha hiyo.

Baba yangu alikuwa seremala. Kila alfajiri alivuka reli kwenda Viwandani, katika karakana ya Mhindi mmoja ambaye wafanyakazi walimwita tajiri, kama ilivyo desturi ya kumwita mwajiri. Siku za likizo nilimpelekea chakula cha mchana. Ukutani, juu ya meza ya tajiri, ilining'inia kalenda yenye picha ya jengo refu la mawe lililochongwa toka chini hadi juu, na kileleni bendera kubwa kupita kiasi, ikipepea kuelekea baharini. Chini yake palikuwa na maandishi ya herufi zilizojikunja kama kulabu. Mwaka ulipokwisha kalenda ilibadilishwa, lakini picha ilikuwa ni ile ile. Nilimwuliza baba ni jumba gani. "Ni kwao," akanijibu, akaendelea kupiga randa.

Tajiri yule alifariki mwaka 1993. Wafanyakazi wote walikwenda kwenye tanuri la kuchomea maiti la Wahindu pale Kariokor, nami nikaandamana na baba. Tulisimama nje ya lango. Napenda hapa niseme kweli tupu, maana mambo haya hugeuzwa upesi kuwa malalamiko: hakuna aliyetufukuza. Wala hakuna aliyetukaribisha. Baba alikuwa amemtumikia mtu huyo kwa miaka zaidi ya 20, alijua anavyopenda chai yake na anavyokohoa akitaka kupunguza bei, lakini hakujua kama inaruhusiwa kuingia kumuaga, wala aulize kwa neno gani. Tukauona moshi, tukarudi nyumbani.

Tangu hapo Kariokor imezoeleka na wasio Wahindu pia. Mwaka 2005 ulichomwa pale mwili wa Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Kianglikana, Wakenya wengi wakashtuka. Mwaka 2011 ukafuata wa Profesa Wangari Maathai, na mwaka 2019, katika muda wa majuma machache, ya Bob Collymore na ya mbunge wa Kibra, Ken Okoth. Kila mara magazeti yalijaa mjadala wa mila na dini. Jambo moja lilinishangaza: tulilijadili tanuri lile kana kwamba limeletwa jana kwa ndege, ilhali vizazi vizima vya Eastlands vimekua vikilipita kwenda sokoni.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu, ambayo ni lugha. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ukimwuliza maneno ya mkopo kutoka lugha za India, atakumiminia: gari, laki, pesa, chapati, bajia, dobi, hundi, bima, gunia, bangili, embe, karai. Akiwa hodari ataongeza duka, ingawa hilo lina ndugu zake katika Kiarabu, na karakana, ambalo Waajemi na Wahindi wanalitumia hadi leo. Akiwa hodari zaidi atakwambia kwamba bepari, neno ambalo kizazi cha Azimio la Arusha kililigeuza kuwa tusi, katika Kigujarati ni mfanyabiashara tu. Nalo Baniani linatokana na jina la Kigujarati la tabaka la wachuuzi. Mahatma Gandhi, aliyezaliwa Porbandar mwaka 1869, alikuwa wa tabaka hilo. Kwa hiyo ile methali, tukiifuata neno kwa neno, inamhusu naye, kiatu na yote. Hata kitabu anachosomea mwanafunzi huyo kimechapishwa, na chapa ni neno la Kihindi.

Orodha ni ndefu na mwalimu huipenda kwa kuwa ni rahisi kusahihisha. Lakini hebu tuitazame kwa upande wa pili, tuulize kisichokuwamo. Kutoka Kiarabu tulichukua bidhaa na ibada kwa pamoja: bei na dua, faida na thawabu, safari na hija. Mreno, ambaye hatukumpenda, alituachia meza, leso na padri. Kutoka India, baada ya karne nyingi za majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, tulipata vyombo, vyakula, fedha na vipimo. Neno la sala, sikulipata hata moja. Diwali tunalijua, ila kama jina la sikukuu ya wengine. Hata jengo lile la kalenda nalazimika kuliita hekalu, kwa neno lililotufikia kupitia Kiarabu. Lugha hukopa pale midomo inapokutana, na midomo yetu na yao ilikutana kwenye kaunta.

Nilikwenda India kwa mkutano wa wanaisimu. Ulipokwisha nilibakiwa na siku nne, nikapanda gari la moshi liitwalo Saurashtra Mail kutoka Mumbai. (Nalo hilo gari ni neno lao, na waliotandika reli yetu kati ya mwaka 1896 na 1901 walikuwa wao pia: zaidi ya vibarua 31,000 waliletwa kutoka India, na wapatao 2,500 walikufa.) Gari lilikwenda usiku kucha. Asubuhi nilishuka Jamnagar, kwa sababu mbili. Kwanza, vijiji vinavyouzunguka mji huo ndiko wanakotoka wengi wa jamaa za Kioshwal wa Nairobi, ambao hawafuati dini ya Kihindu bali Ujaini. Mkenya wa kawaida huwakusanya wote katika neno moja, Mhindi, na kumaliza shughuli. Pili, nilitaka kuwaona Masidi.

Masidi ni raia wa India wenye asili ya Afrika. Mababu zao walivushwa bahari, wengine wakiwa mabaharia na askari, wengi wakiwa watumwa. Hapa lazima tuseme pia kwamba baadhi ya mali ya biashara hiyo ilipita mikononi mwa Wahindi wenyewe. Kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu kutoka Kachchh, ndiyo iliyokodi forodha ya Zanzibar enzi za Seyyid Said, na kila pembe ya ndovu na kila mtumwa aliyepita pale alilipiwa ushuru. Masidi wa Gujarat leo huzungumza Kigujarati na wengi wao ni Waislamu. Kiswahili na ndugu zake Kibantu vimewatoka. Lakini wanapokusanyika kumwadhimisha walii wao, Bava Gor, hupiga na kucheza kitu wanachokiita goma.

Msomaji hahitaji shahada ya isimu kulitambua neno hilo. Nililisikia likitamkwa na kijana mmoja muuza matunda, mwenye uso ambao ungeweza kuwa wa jirani yangu wa Kaloleni, nikaona kama nimeshikwa bega. Watu waliovushwa mikono mitupu, waliopoteza majina, koo na sarufi nzima, walibaki na neno la ibada. Sisi tuliobaki nyumbani na kununua kwa hiari yetu, tulibaki na karai.

Kutoka Jamnagar hadi Dwarka ni mwendo wa saa chache katika nchi kavu, tambarare, yenye chumvi hewani. Mbele kidogo ya Dwarka, karibu na bandari ya Okha, uko mji wa Mithapur ambao jina lake lahusiana na chumvi, na ambao ni wa kampuni ya Tata Chemicals. Ni kampuni hiyo hiyo ambayo tangu mwaka 2005 imemiliki kiwanda chetu cha Magadi. Bahari ya Hindi ni ndogo kuliko ramani inavyotudanganya.

Dwarka ni mojawapo ya miji minne mitakatifu ambayo Mhindu mcha Mungu hutamani kuizuru kabla ya kufa: Badrinath kaskazini katika milima ya Himalaya, Puri mashariki, Rameswaram kusini na Dwarka magharibi. Mitatu kati ya hiyo iko pwani. Jina Dwarka latokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya mlango, neno ambalo ni la ukoo mmoja na lile la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo. Wenyeji husimulia kwamba Krishna aliiacha Mathura, akaujenga mji huu ufuoni, na alipoondoka duniani bahari ikaumeza. Kuanzia miaka ya 1980 wanaakiolojia wakiongozwa na S. R. Rao walipiga mbizi hapo, wakakuta mawe ya kuchongwa na nanga nyingi za mawe. Umri wake ungali unabishaniwa. Hekalu lililopo sasa si lile la kale. Sultani Mahmud Begada wa Gujarat aliuteka mji mwaka 1473, na jengo tunaloliona lilisimamishwa baadaye. Mwaka 1965 manowari za Pakistani zikaupiga mji mizinga usiku mmoja wa vita.

Nilifika alasiri. Nilipokunja kona ya kichochoro chenye ng'ombe wawili waliolala katikati kama wenye nyumba, niliinua macho nikaiona kalenda. Ile ile. Mawe yaliyochongwa toka chini hadi juu, na kileleni bendera ya pembe tatu yenye picha za jua na mwezi. Kitambaa chake ni cha yadi 52, na hushushwa na kupandishwa kingine mara kadhaa kwa siku. Kila bendera hutolewa na jamaa fulani, ambao huizungusha mjini kwa ngoma na nyimbo kabla ya kuikabidhi kwa mpandaji. Nilisimama pale kwa muda ambao siujui. Miaka zaidi ya 30 nilikuwa nimeamini kwamba mchoraji wa kalenda aliitia chumvi bendera ile. Hakuitia.

Langoni, mzee mmoja aliyevaa sweta la sufi alinitazama kwa makini, kisha akasema kwa Kiswahili: "Wewe toka wapi?"

Nilimwambia Nairobi. Uso wake ukafunguka. "Nairobi! Mimi zaliwa Eastleigh. Keti. Kunywa chai. Lete habari." Alikuwa ameondoka mwaka 1968, katika lile wimbi la Waasia wenye pasipoti za Uingereza waliokimbia baada ya sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967. Sasa aliishi Leicester, na kila kipusa cha baridi kikizidi huko alikuja kukaa hapa. Aliniuliza habari za Pangani, Ngara, Soko la Burma. Nilipomwambia Eastleigh siku hizi ni ya Wasomali na ina maduka ya ghorofa kumi, alitikisa kichwa kama baba anayeambiwa binti yake ameolewa bila ya yeye kujulishwa.

Nilimsikiliza kwa masikio mawili, la mgeni na la mwanaisimu. Kiswahili chake hakikuwa na ngeli wala nyakati. Kilikuwa na vitenzi, na takriban kila kitenzi kilikuwa cha amri: keti, kunywa, lete, ngoja, angalia, funga, fungua. Hakuwa mtu mkali. Alisema "keti" kwa upole ambao wengine hawaupati hata wakisema "karibu, tafadhali". Ila alikuwa amezaliwa na kukulia Nairobi, akafunzwa lugha yetu na watu ambao kazi yao ilikuwa kutumwa, naye akabaki na sarufi ya kutuma. Nikamkumbuka baba na jibu lake la siku zote karakanani, "Ndiyo, tajiri," ambalo nalo ni sarufi nusu.

Nilijikaza nikamwuliza kama aliijua methali ya Baniani. Nilitumaini haijui, nipate kuicheka peke yangu kimoyomoyo. Akacheka yeye. "Hiyo mimi jua! Baba yangu na duka. Mteja ingia, sema hiyo kwa rafiki yake, fikiri mimi hapana sikia. Halafu nunua sukari." Aliyasema bila ya uchungu, akimimina chai kwenye kisahani. Mimi ndiye niliyekosa pa kutazama.

Ndipo nikamwuliza wao wanauitaje mji kama huu, mji wa kuhiji. Akasema: tirth. Nikamwomba anifafanulie. Alitafuta maneno ya Kiswahili, akakosa, akaweka kiganja kimoja upande huu wa meza na cha pili upande ule, akavusha vidole katikati. Upande huu maji, upande ule nchi kavu. Hapo nilikumbuka kwamba katika Kisanskriti neno hilo kwa asili ni mahali pa kuvukia mto. "Kivuko," nikamwambia. Akakunja uso, kisha akachangamka: "Kivuko! Kama Likoni?"

Kama Likoni, naam. Nilicheka mpaka muuza chai akageuka.

"Vua kiatu," akaniambia alipoinuka. Simu na kamera haziruhusiwi ndani, basi nilikabidhi vyote, na viatu vyangu vya Bata nikaviweka pembezoni mwa lile lundo. Ndani palikuwa na msongamano, kengele, moshi wa ubani, akina mama wakiyanyoosha mashada ya majani ya mrehani juu ya vichwa vya watu. Sanamu nyeusi ya Krishna niliiona kwa nukta mbili tu, kabla ya mkondo wa watu kunisukuma mbele. Sikujifanya muumini, maana si dini yangu. Lakini niliyekuwa nikimtafuta mle si Krishna.

Hekalu lina milango miwili mikuu: wa kaskazini wa kuingilia, wauitao mlango wa wokovu, na wa kusini, mlango wa mbinguni, ambao ngazi zake 56 hushuka hadi mto Gomti, pale mto unapomezwa na bahari. Nilishuka. Jua lilikuwa linazama upande wa Uarabuni na, nyuma zaidi, upande wa kwetu. Watu walioga, wakayateka maji kwa viganja na kuyaachilia polepole, wakitaja majina. Mzee wa Eastleigh, aliyenifuata taratibu akishika ukuta, alinieleza kwamba hayo ni majina ya waliokufa. Kisha akaniuliza: "Kwa Kiswahili, yaad ni nini?" Nikamwambia ni kumbukumbu. Alilirudia mara tatu, akililainisha ulimini kama peremende. "Mimi kumbuka Eastleigh," akasema, na kwa mara ya kwanza alasiri ile alitumia kitenzi ambacho hakikumtuma mtu yeyote.

Nimekuwa nikisomesha somo la maneno ya mkopo kila mwaka, na mwaka huu nimelibadilisha. Wanafunzi huniletea orodha kama kawaida, kisha nawapa ukurasa mtupu na kuwataka waandike maneno ambayo hatukuyakopa, na wafikiri kwa nini. Wengi hulalamika kwamba swali kama hilo haliwezi kuwamo katika mtihani. Ni kweli, haliwezi. Serikali ilipowatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 mnamo Julai 2017, kijana mmoja wa Eastlands aliniambia kwamba kabila lazima liwe na lugha ambayo majirani wanajua angalau salamu yake. Alikuwa anatania. Nilimwomba aniambie salamu moja ya Kigujarati, akabaki akitabasamu.

Baba yangu sasa anaishi Umoja. Macho yake yamefifia kidogo, lakini randa aliyopewa na watoto wa tajiri baada ya msiba ingali juu ya kabati. Niliporudi nilimsimulia yote: gari la moshi, goma, lundo la viatu, mzee wa Eastleigh na kivuko chake cha Likoni. Kwanza alitaka kujua kama viatu vyangu havikuibwa. Kisha akauliza kama bendera ni kubwa vile kweli. Nikamwambia ni yadi 52, naye akazipima hewani kwa mikono, kiseremala, akaguna.

"Na pale mtoni," akauliza, "ulimtaja tajiri?"

Nikamjibu kwamba nilitaka, ila sikujua neno wanalolitumia.

"Ungetumia la kwetu," akasema, akaendelea kumenya chungwa lake.